Maziwa ya Jioni, Siagi ya Alfajiri

Kyumbi, pale barabara ya kwenda Machakos mjini inapoachana na ile ya Mombasa, maziwa ya asubuhi hayana shida. Hoteli za kando ya njia zinayataka kwa chai, madereva wa malori wanaingoja chai hiyo, na jua halijapanda vizuri mitungi imeshakauka. Shida ni maziwa ya jioni. Ukimaliza kukamua giza limeingia, mteja amekwenda zake, na friji huna. Mvua za Novemba zikishika na nyasi zikaota, shida hiyo inakuwa ya kila siku. Wengine huyanywa kupita kiasi, wengine huwapa mbwa. Mimi nakuomba uyasuke.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: siagi hutolewa na ubaridi, si nguvu za mkono. Nililijua hilo kwa kuumia. Mwezi wa Februari, nikiwa kijana, nilichukua lita nane za maziwa yaliyolala, yaani yaliyochacha na kuganda, nikaanza kuyasuka saa sita mchana, mlangoni, kwenye jua. Nilisuka karibu saa mbili. Nilipofungua nilikuta mafuta yanaelea kama mchuzi, hakuna hata donge moja la kushika. Susu, yaani bibi yangu, alichovya kidole, akakilamba, kisha akaniuliza swali moja tu: "Ulianza saa ngapi?" Hakuuliza nilisuka vipi.

Maziwa yenyewe

Ng'ombe wa kienyeji wa Ukambani, yule zebu mdogo mwenye nundu, hutoa maziwa kidogo, mara nyingi lita mbili tu kwa siku, lakini ni mazito. Mafuta yake hukaribia asilimia 5, na wakati mwingine hupita hapo. Friesian anajaza ndoo, ila mafuta yake ni asilimia 3.5 hivi. Jersey yuko karibu na zebu. Kwa hiyo usipime siagi kwa ukubwa wa ndoo. Lita 10 za zebu zina karibu nusu kilo ya mafuta, na kwa kusuka kwa mkono, ambako sehemu ya mafuta hubaki ndani ya mtindi, ukipata gramu 400 hadi 500 za siagi umefanya kazi nzuri. Lita 10 za Friesian zikikupa gramu 300, usijilaumu.

Mafuta hayakai sawasawa ndani ya kiwele. Maziwa ya kwanza kutoka ni mepesi, na yale ya mwisho kabisa, unayoyakamua chuchu zikiwa zimelegea na mkono umechoka, ndiyo yenye mafuta kuliko yote. Anayeacha kukamua mapema ameiacha siagi ndani ya ng'ombe. Ikiwa ndama wako hunyonya mwishoni, basi mafuta mengi ni yake. Mwachie chuchu moja nzima tangu mwanzo, nawe uzikamue tatu hadi tone la mwisho. Tena, kwa kuwa wengi wetu hukamua alfajiri halafu alasiri au jioni, na muda kati ya asubuhi na jioni ni mfupi kuliko wa usiku kucha, maziwa ya jioni huwa machache lakini yenye mafuta zaidi. Yale yale yasiyopata mnunuzi ndiyo yanayofaa zaidi kusukwa. Hilo hunifurahisha kila ninapolikumbuka.

Maziwa ya ng'ombe aliyedungwa dawa ya kuua vijidudu, tuseme kwa ugonjwa wa kiwele, yaache mpaka siku alizotaja daktari wa mifugo ziishe. Hayafai kunywewa, na wala hayatalala, kwa sababu dawa ile huua pia vijidudu vizuri vinavyochachusha. Maziwa ya ng'ombe anayekaribia kukauka nayo ni magumu kusuka; vitone vyake vya mafuta ni vidogo na havishikani upesi. Changanya na ya ng'ombe aliyezaa karibuni. Ya mbuzi yanatoa siagi, nyeupe kama chokaa, ila lazima uyasuke yakiwa yamelala mazima, maana malai yake hayapandi juu kwa urahisi kama ya ng'ombe.

Sasa nafika mahali ninapotofautiana na susu. Yeye hakuchemsha maziwa. Mimi nachemsha, na nakusihi uchemshe. Ugonjwa wa brusela hupita kwenye maziwa mabichi. Humletea mtu homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo na uchovu usioisha, na mara nyingi watu hutibiwa malaria au taifodi miezi mizima kabla ya kugunduliwa. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita hapo hapo. Kuchachua maziwa hakutoshi kuua vijidudu hivyo, na siagi ya maziwa mabichi inaweza kuvibeba. Yachemshe maziwa hadi yapande mara moja huku ukikoroga, yaipue, tumbukiza sufuria kwenye karai la maji baridi, funika. Siagi itatoka vilevile. Utandu unaojitokeza juu usiutupe. Una mafuta ndani yake, urudishe humo humo.

Kitete

Kibuyu cha maziwa kwetu huitwa kitete, na si sisi tu tunaokitegemea. Rwanda na Burundi kibuyu cha kusukia ni igisabo, tumbo pana na shingo fupi. Ankole, huko Uganda, siagi inayotoka kibuyuni ndiyo mwanzo wa eshabwe, mchuzi mweupe wa samli unaopewa wageni wa heshima. Kibuyu kimependwa kote huku kwa sababu za kweli: ni chepesi, ganda lake halipitishi joto upesi, na umbo lake la mviringo huyarudisha maziwa yenyewe kila unapokiinamisha.

Chagua kilichokomaa na kukaukia kwenye mmea, cha lita sita hadi kumi, na ukate mdomo upana wa kuingiza mkono wa mtoto. Mdomo mwembamba unapendeza machoni, ila siku ya kutoa siagi utalia. Toa mbegu na nyuzi zote. Kijaze maji, uyamwage na kuyabadilisha kila siku, kisha uonje: weka maji ya kunywa ndani usiku mmoja, asubuhi chukua tone kwa ulimi na uteme. Yakiwa machungu, endelea kuloweka. Kisipoacha uchungu baada ya wiki mbili, kifanye cha mbegu au cha pambo; uchungu wa mboga za jamii ya maboga ni sumu, haufai kuvumiliwa.

Kisha ukifukize. Washa vijiti vikavu vya mti mgumu usio na utomvu mkali, viache vishike makaa, uviingize ndani na kuvisugua kwenye ukuta wa kitete mpaka weusi mwembamba uenee. Kung'uta majivu, pangusa. Majirani zetu Wamaasai hutumia oloirien, yaani mzeituni mwitu, na ukiupata hutahitaji mwingine. Moshi huo huua wadudu wabaya kwenye ganda na huipa siagi ladha usiyoweza kuinunua. Usitumie sabuni ndani ya kitete hata siku moja. Ganda huinywa na kuirudisha kwenye maziwa.

Usipokuwa na kitete, mtungi wa plastiki wa lita tano wenye kifuniko kinachokaza utafanya kazi, mradi uwe ulibeba maziwa au maji ya kunywa tangu uliponunuliwa. Mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya mifugo hauoshwi ukatakata. Na kwa jaribio la kwanza, chupa ya kioo yenye mdomo mpana inatosha sana, kwa kuwa utaona kila kinachotokea.

Kuyalaza

Maziwa yaliyochemshwa hayana tena vijidudu vyake vya kuchachusha, kwa hiyo uyape mbegu. Yakishapoa hadi kidole kisihisi joto wala baridi, tia vijiko viwili vya mezani vya maziwa lala mazuri kwa kila lita, koroga, funika kwa kitambaa safi, weka kwenye kona isiyo na upepo. Huku kwetu, siku za kawaida, yataganda kwa muda wa siku moja. Julai, ukungu ukilala vilimani Mua na upepo wa uwanda wa Kapiti ukivuma usiku kucha, yape siku moja na nusu au mbili.

Ukiwa na ng'ombe mmoja, unaweza kukusanya maziwa ya siku mbili au tatu ndani ya chombo kimoja. Mimina kila mara yaliyochemshwa na kupoa, kisha acha yapite nusu siku baada ya mmimino wa mwisho ndipo usuke. Yaliyo tayari hukatika kama ute wa yai lililochemshwa ukiyainamisha na hunuka uchachu msafi. Yakiwa na harufu ya pombe, mapovu yanayofoka au rangi ya waridi, yamwage bila kujadiliana.

Uchachu una kazi yake. Kila kitone cha mafuta ndani ya maziwa kimevaa ngozi nyembamba inayokizuia kushikana na mwenzake. Uchachu huilegeza ngozi hiyo, na mtikiso huipasua. Ndipo baridi inapoingia: mafuta yakiwa yamegandika nusu, vitone vikigongana hung'ang'aniana. Yakiwa yameyeyuka yote huteleza na kupita, na yakiwa yameganda kabisa hudundana kama kokoto. Nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi ndipo mahali pazuri kwa maziwa mazima yaliyolala. Bila kipimajoto, dondosha tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Lihisi ubaridi wazi, lakini lisiume.

Kusuka

Usiku wa kuamkia siku ya kusuka, weka sufuria ya maziwa kwenye karai la maji ya tangi, lifunike na kitambaa kilicholowa kinachogusa maji, uliache mahali pepo zinapopita na paka hafiki. Amka saa kumi na moja alfajiri. Koroga maziwa kidogo yalegee, yamimine kwenye kitete hadi nusu, usizidishe. Nafasi ile tupu si hasara. Bila hewa hapatokei povu, na bila povu vitone vya mafuta havipati mahali pa kukutania. Ziba kwa gunzi safi la mahindi au kizibo cha mbao.

Unaweza kukitundika kwenye boriti kwa kamba ya katani na kukisukuma mbele na nyuma, au kukipakata mapajani ukiwa umekaa kwenye kigoda. Susu alipakata. Mkono mmoja shingoni, mwingine chini ya tumbo la kitete, magoti yamefungamana na leso. Mwendo ni ule wa kumbembeleza mtoto asiyetaka kulala: mbele, nyuma, kituo kidogo kila mwisho ili maziwa yaanguke yenyewe na kugonga ukuta. Baada ya dakika chache fungua kizibo, utasikia hewa ikitoka, ziba uendelee. Rudia mara mbili tatu hadi usiisikie tena ikitoka.

Kisha sikiliza, maana ndani ya kitete huoni. Mwanzoni ni mlio wa maji, chwa, chwa. Baada ya robo saa mlio unazama, kitete kinakuwa kizito mkononi na kama hakina kitu ndani: povu limejaa. Hapo ndipo wanaoanza hukata tamaa au kuongeza kasi. Usifanye lolote kati ya hayo. Endelea kwa mwendo ule ule. Halafu, kwa ghafla, baada ya nusu saa au saa nzima, mlio wa maji unarudi, mwepesi kuliko wa kwanza, na ndani yake kuna kitu kinachogonga, du, du. Fungua, chomeka kijiti safi, ukichomoe. Kikitoka na chembe za manjano zilizoshikilia kama mchele uliopondwa, siagi imekuja. Nimelisikia badiliko hilo mara nyingi na bado mkono wangu husimama wenyewe.

Saa nzima imepita na povu halijavunjika? Ikiwa ni Julai, maziwa ni baridi mno. Kikalishe kitete kwenye maji vuguvugu dakika tano, usuke tena. Usimimine maji moto ndani. Utayeyusha yale yaliyokuwa karibu kushikana. Ikiwa ni Februari au Oktoba na kijiti kinatoka na mafuta laini yanayoteleza, umechelewa kuamka. Kizamishe kitete kwenye maji baridi kabisa uliyo nayo kwa nusu saa, kisha uendelee polepole. Mara nyingi siagi hurudi, ingawa kidogo.

Watafiti wa kituo cha mifugo cha ILCA kilichokuwa Addis Ababa, ambacho baadaye kiliungana na kile cha Nairobi na kuwa ILRI, ile ile yenye ranchi yake hapa Kapiti, waliwatengenezea wakulima wadogo wa Ethiopia kijiti chenye mapanga ya mbao cha kuzungusha ndani ya chungu cha asili cha kusukia. Kilipunguza muda na kuongeza siagi. Ukiwa na fundi seremala karibu na chombo cha mdomo mpana, jaribu, hasa ikiwa mabega yako yamezeeka.

Chembe zikishaonekana, mimina kikombe cha maji safi ya baridi, sukasuka taratibu mara ishirini hivi zikusanyike. Usizidishe; madonge makubwa hufungia mtindi ndani.

Kuosha

Hapa ndipo siagi nyingi ya nyumbani huharibikia, na si kwa kukosa ujuzi bali kwa haraka. Mimina kila kitu kupitia chujio, mtindi uende kwenye sufuria, siagi ibaki. Itie kwenye bakuli la mbao au la udongo, mwagia maji safi ya baridi yaliyochemshwa jana, uikande kwa mwiko. Maji yatageuka meupe. Yamwage, tia mengine. Rudia mpaka maji yatoke kama yalivyoingia, mara tatu au nne. Kila tone la mtindi linalobaki ndani litachacha, na kufikia siku ya tatu siagi itanuka.

Kisha ikande bila maji. Ibonyeze na mwiko upande mmoja wa bakuli, ikunje, ibonyeze tena, na umwage matone yanayotoka. Utajua umemaliza ukiikata na ukuta wa mkato ukawa mkavu, unang'aa. Kwa kila robo kilo tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini. Rangi isikushangaze: nyasi mbichi huipa manjano, na msimu wa kiangazi, ng'ombe wakila mabua makavu, huwa karibu nyeupe. Zote ni siagi. Ile ya kopo ambayo wengi wetu tumezoea kuiita siagi ni majarini, nayo hutoka kwenye mafuta ya mimea. Ukiipaka hii yako kwenye kiazi kitamu cha moto utajua tofauti bila kuambiwa.

Bila friji, siagi hii ina siku chache tu, labda nne ukiiweka kwenye chungu ndani ya maji ya chumvi unayoyabadilisha. Ya kukaa zaidi, igeuze samli.

Samli

Weka siagi isiyo na chumvi kwenye sufuria nzito, moto mdogo wa makaa. Itayeyuka, itatoa povu jeupe, na itaanza kulia kama mvua kwenye mabati. Mlio huo ni maji yanayotoka. Usiondoke. Mlio ukipungua na harufu ikawa ya karanga, angalia chini: mashapo yakiwa na rangi ya kahawia nyepesi, ipua papo hapo, maana joto la sufuria litaendelea kuyapika. Acha itulie, chuja kwa kitambaa kikavu kwenye chupa kavu. Kilo ya siagi hutoa gramu 800 hivi za samli. Ikiwa haina maji na kijiko chako ni kikavu, hukaa miezi kwenye kabati lenye giza. Kijiko kimoja juu ya muthokoi wa moto, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, maharagwe yakiwa yameiva hadi yanapasuka, kinatosha sahani nzima.

Watu wa huku wamewahi kupigania ng'ombe wao. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamuru mifugo ya Wakamba ipunguzwe kwa nguvu, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig's pale Athi River kikihitaji ng'ombe. Watu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, naye akapelekwa uhamishoni Lamu. Nyumba iliyonyang'anywa ng'ombe ilipoteza nyama, ndiyo, lakini kwanza ilipoteza kitete kinachojaa kila jioni. Ndiyo maana siwezi kuyaona maziwa ya jioni yakimwagwa nikanyamaza.

Mtindi uliobaki kwenye sufuria unywe leo leo, au ule na ugali, au uutie kwenye uji. Ukizidi, kuku na ndama wanaupenda. Toa kikombe kimoja kwanza, kifunike, kiweke kwenye maji baridi: ndicho utakachotia kwenye maziwa ya jioni ya leo. Kitete kisuuze kwa maji moto na kiganja cha kokoto safi, utikise mpaka maji yatoke bila mafuta, kisha ukiinamishe mdomo chini juani hadi saa tisa.